Muulize Fundi: Bastola ya babu inagoma tundu moja tu

Toleo lililopita tuliandika habari ya vyuma vinavyolala masandukuni, makufuli ya zamani, majambia, vyerehani vya mkono, na mwisho kabisa nikataja bastola za kale kwa sentensi moja tu, nikapita. Basi barua zilizokuja karibu zote ni za bastola! Sijui masanduku yetu yana nini mengine, ila haya, mwezi huu tunazijibu.

Kabla sijaanza lakini tuelewane. Mie najibu habari ya chombo cha kumbukumbu, cha kutunzwa, sio cha kupigia. Ukiniuliza risasi zake utapata wapi barua yako naiweka pembeni. Na silaha ya moto bila kibali ni kosa, hata kama ina kutu mpaka ndani ya mtutu, hata kama ya marehemu, hata kama shangazi anaitumia kukandamizia mlango usipige na upepo.

SWALI: Shikamoo fundi. Bibi yetu alipofariki tulifungua sanduku lake tukakuta bastola fupi nzito imefungwa kwenye kipande cha kanga. Kwetu tokea wadogo tunaambiwa babu wa babu alipewa zawadi na Sultani Sayyid Barghash mwenyewe, kumbe ni kweli ipo! Ina tundu tano za risasi. Tumeipeleka polisi, wameikagua haina risasi, imebaki kwao na kaka anafatilia kibali ibaki kama kumbukumbu ya familia. Sasa siku ile kabla hatujaipeleka nilijaribu kuichezea, ukivuta nyundo (kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi) silinda (lile pipa lenye tundu za risasi) inazunguka inakaa vizuri, lakini ikifika tundu moja, ileile kila mara, haifiki mwisho, inabaki imekaa upande kidogo. Ndo ukongwe au imevunjika? Na pembeni kuna alama ya yai lina herufi ELG na juu yake taji. Taji si la mfalme hilo? — Mjukuu, Wete

Marahaba mjukuu. Poleni na msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu bibi. Kwa kuipeleka polisi umefanya la maana, kwa kuichezea kabla hujaipeleka umefanya ujinga na nakwambia mbele ya wasomaji wote. Wewe ulijuaje haina risasi? Bastola imekaa sandukuni miaka na miaka, risasi iliyoganda na kutu ndani ya tundu huioni kwa juu, na wewe unavuta nyundo nyuma na watoto wako ukumbini. Ukikuta kitu kama hicho unakiacha palepale kilipo, mdomo hauuelekezi kwa mtu, watoto unawatoa chumbani, unampigia sheha au unakwenda kituoni wao waje. Basi.

Haya tuje kwenye ugonjwa. Umenipa habari nzuri kuliko unavyodhani, uliposema "tundu moja, ileile kila mara". Hapo nusu ya kazi imeshakwisha.

Ndani ya bastola kama hiyo kuna mambo mawili yanafanyika ukivuta nyundo. La kwanza, kuna kichuma chembamba kinapanda juu, mie nakiita kidole, kinasukuma silinda kwa nyuma. Nyuma ya silinda pamechongwa meno, kama yale ya frewili ya baskeli, jino moja kwa kila tundu, kwahiyo yako ina meno matano. Kidole kinasukuma jino, silinda inageuka hatua moja. La pili, silinda ikishafika tundu likakaa sawa na mtutu, komeo dogo linapanda kwa chini linaingia kwenye pengo lililochongwa ubavuni mwa silinda, linaikaza isiende mbele wala nyuma. Nako kuna pengo moja kwa kila tundu. Angalia basi hesabu ilivyo: kidole kipo kimoja, komeo lipo moja, lakini meno na mapengo ni matano matano.

Sasa kama kidole kingekuwa kimekwisha, silinda ingekosa kufika kwenye tundu zote tano, mana kidole ndo hichohicho kinasukuma zote. Kama springi ya komeo imelegea nayo ingeonekana kote. Yako inagoma tundu moja tu, kwahiyo ubaya uko kwenye kitu ambacho ni cha tundu hilo peke yake: ama jino lake limelika, ama pengo lake limejaa uchafu komeo linashindwa kuingia. Hakuna la tatu. Naam, lipo la tatu, ule mti wa katikati ambao silinda inauzungukia ukiwa umepinda, lakini huo ungejulikana mapema, silinda ingekuwa nzito nusu ya mzunguko na nyepesi nusu nyengine hata ukiizungusha kwa mkono bila ya nyundo. Wewe hukusema hivo, umesema inazunguka vizuri.

Mie kwa picha ulizonituma naanza na uchafu. Kwenye zile picha za ubavu, mapengo manne unaona kivuli ndani, la tano halina kivuli, limejaa kitu cha rangi ya kahawia limekuwa sawasawa na uso wa silinda. Hiyo ni kutu na mafuta ya zamani yaliyoganda pamoja. Kibali kikitoka na mkaruhusiwa kuishika, mwambieni fundi atie tone la mafuta ya taa kwenye pengo hilo, aliache usiku kucha, asubuhi alichokonoe kwa njiti ya mti iliyochongwa. Njiti ya mti, sio msumari, sio ncha ya bisibisi! Chuma kwa chuma utaongeza upana wa pengo alafu komeo litacheza ndani yake daima. Likisafishika silinda ikakaa, mmemaliza. Lisipokaa basi ni jino, na jino la bastola ya kumbukumbu mie nasema liacheni livolivo. Kuna mafundi watakwambia tulijaze kwa kuchomelea tulichonge upya, wanaweza kweli, lakini ya nini? Haitopigwa. Limelika kwa sababu kuna mtu aliitumia, na hiyo nayo ni sehemu ya historia yake.

Kitu kimoja cha kukumbuka siku fundi ataipima, avute nyundo polepole sana kwa dole gumba. Ukivuta kwa haraka silinda inapata kasi inajibeba wenyewe mpaka kwenye komeo, na ugonjwa unajificha. Wauzaji wa ulaya wanaijua sana hiyo, mnunuzi akiomba kuonyeshwa wanaivuta chap chap, kila tundu linakaa, mtu anatoa pesa.

Sasa hilo taji. Hapa najua nitawaudhi watu wa Wete.

ELG kwenye yai ni alama ya ukaguzi wa mji wa Liège, Ubelgiji. Pale silaha ilikuwa haitoki kiwandani mpaka ipigwe kwa baruti nyingi kuliko kawaida kuona kama itapasuka, isipopasuka inagongwa muhuri. Kwahiyo taji sio la mfalme aliyekuwa na bastola, ni sehemu ya muhuri tu, na wala sio la Zanzibar. Lakini taji hilo linatwambia jambo kubwa, mana watu wa Liège waliliongeza juu ya lile yai mwaka 1893. Kabla ya hapo yai lilikuwa halina taji. Na Sayyid Barghash amefariki mwaka 1888. Sasa angempaje babu wa babu bastola ambayo imegongwa muhuri yeye ameshazikwa si chini ya miaka mitano?

Umbo lake nalo linasema hivohivo. Fupi, nzito, tundu tano, mdomo mkubwa, hiyo ni ya mtindo wa Bulldog. Kampuni ya Webley ya Uingereza ilitoa ya kwanza mwaka 1872, ikapendwa kwa sababu inaingia mfukoni mwa koti, Wabelgiji wakaiiga kwa wingi mno na wakaiuza dunia nzima kwa bei ya chini. Haikuwa zawadi ya kifalme hata siku moja. Ilikuwa bastola ya karani, ya msafiri, ya mwenye duka.

Ila usihuzunike, kuna swali tamu zaidi la kumuuliza mzee aliyebaki kwenu. Mwaka 1890 madola yalikaa Brussels wakasaini mkataba, pamoja na mambo ya kukomesha biashara ya watumwa wakazuia kuingiza silaha za moto Afrika katika eneo lote la katikati, kutoka digrii 20 kaskazini mpaka 22 kusini. Sisi tuko digrii 5 na 6 kusini, tumo ndani kabisa. Na mwaka huohuo 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Muingereza. Sasa bastola yenu imegongwa muhuri 1893 au baada yake, yani imeingia wakati mlango umeshafungwa. Aliyeiingiza ama alikuwa mtu wa serikali, ama msafiri mwenye ruhusa maalumu, mana hao waliachiwa, ama ilipita usiku kwa jahazi. Pemba na bandari zake zile za mikoko mie sisemi kitu.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie Mzanzibari naishi Coventry, Uingereza. Nilinunua kwenye mnada bastola ya zamani ya Kifaransa, ile ambayo risasi zake zilikuwa na kijimsumari ubavuni, huku zinaruhusiwa kuwekwa kama pambo bila leseni. Kila kitu kilikuwa kinakwenda. Nikaitia mafuta vizuri ndani na nje nikaiweka kabatini. Ilipofika Disemba nikiivuta nyundo inakwenda nyuma lakini silinda imekaa tu haigeuki. Nikaiweka karibu na hita nimuonyeshe rafiki, ikageuka! Wiki ya pili tena imekufa. Nimechanganyikiwa, wenzangu wananiambia ina jini. — Mpenda Kale

Wa alaykum salaam. Jini hilo mie nalijua jina lake, na nna hakika liko jikoni kwako. Hukuandika umetia mafuta gani. Nikamwambia mhariri akuulize, jibu likaja: "mafuta ya nazi, ya kukamua nyumbani, mama kanitumia na mgeni".

Ndugu yangu! Mafuta ya nazi yakishuka chini ya digrii 24 au karibu na hapo yanaganda. Hapa Unguja huyaoni yakiganda isipokuwa ukiyatia ndani ya friji, ndo mana hatuna hata habari. Coventry mwezi wa Disemba chupa nzima inakuwa nyeupe kama mshumaa, na yale uliyoyamimina ndani ya bastola nayo yamekuwa hivohivo.

Sasa kwa nini nyundo inakwenda na silinda haigeuki? Springi kubwa ya nyundo ni bapa nene la chuma, ina nguvu, mafuta yaliyoganda haiyajali. Lakini kile kidole nilichomueleza mjukuu wa Wete kinasukumwa mbele kikamate meno na springi nyembamba sana, kama unywele wa farasi. Hiyo mafuta yaliyoganda inaishinda. Kidole kinapanda na nyundo lakini kimelala nyuma, hakigusi meno, silinda inabaki inakutazama. Ukiweka karibu na hita mafuta yanayeyuka, kidole kinaamka. Hapana ubovu wowote wa chuma hapo, na ukimpelekea fundi mwenye haraka atakubadilishia springi, atakula pesa zako, na Disemba ijayo mtakutana tena.

Dawa ni kuyatoa yote. Mpe fundi wa huko anayejua silaha za kale aifungue, aioshe kwa mafuta ya taa au spiriti, aikaushe, alafu atie mafuta mepesi ya madini, mafuta ya cherehani yanatosha kabisa. Na sio kumimina! Tone kwa ncha ya sindano, kwenye kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, alafu kitambaa cha pamba chenye unyevunyevu wa mafuta kipite nje. Watu wetu tunadhani kutia mafuta mengi ndo kukipenda kitu. Mafuta yakizidi yanashika vumbi, vumbi na mafuta yanakuwa msasa. Na haya ya nazi hata kama hayagandi yanachacha, yakichacha yanakuwa na asidi, asidi inakula chuma, na shaba ndo usiseme inatoka kijani. Ya alizeti na mengine ya kupikia ni mabaya zaidi, yanakauka yanakuwa gundi.

Bastola yako hiyo ni ya aina ya Lefaucheux. Baba, Casimir, ndo mtu wa risasi za msumari, na mtoto wake Eugène akatoa bastola yake mwaka 1854, jeshi la majini la Ufaransa likaichukua mwaka 1858. Angalia tundu za silinda kwa ukingoni, kila moja ina kijipengo kidogo, ndo pale kijimsumari cha risasi kilipokuwa kinachomoza na nyundo inakigonga kwa juu. Nakuombea vijipengo hivo visiwe vimepondeka, mana watu wakiwa hawana risasi wanapenda kupigapiga nyundo kavu wakisikiliza ule mlio, na kila mlio ni pigo juu ya ukingo wa silinda. Usipige kavu, na wageni wako usiwape wapige. Jengine, huko kwenu orodha ya zinazoruhusiwa walibadilisha mwaka 2021, aina 7 za risasi zikatolewa, na waliokuwa na bastola zake ikabidi waombe cheti au wazisalimishe. Za msumari zilibaki, kwahiyo wewe lala, ila ukirudi mnadani kwa nyengine soma orodha kwanza. Na usithubutu kuja nayo nyumbani Ramadhani kuwaonyesha wazee. Pambo la Coventry likifika Kisauni uwanja wa ndege ni silaha.

SWALI: Fundi, kuna jamaa ananiuzia bastola ya Mjerumani, anasema ilitoka bara vita vya kwanza, ina tundu sita na ina kutu kote. Anasema ukiwapelekea watalii Mji Mkongwe ni pesa nyingi. Inagoma kidogo tu kuzunguka, anasema ni mambo ya mafuta. Ninunue? — Kijana wa Jang'ombe

Usinunue. Ikiwa ya kweli ni silaha, utaiuzaje kichochoroni kwa mtu anayepanda ndege kesho? Ikiwa ya uongo umeibiwa. Pande zote mbili huna faida.

Lakini nimeiangalia picha yako na nataka wasomaji wajifunze. Bastola ya jeshi la Ujerumani ya zama zile, ya mwaka 1879 yenye mtutu mrefu na ya 1883 yenye mtutu mfupi, ilikuwa ya milimita 10.6, tundu sita kweli, ina pete chini ya mpini ya kufungia kamba, na ubavuni kushoto ina kitasa kidogo cha usalama. Haina kitu cha kutolea maganda ya risasi, askari alikuwa anayasukuma nje moja moja kwa kijiti. Yako haina kitasa, na chini ya mtutu ina fimbo ya kutolea maganda. Hiyo haiwezi kuwa ya jeshi la Mjerumani hata ikiwa imeandikwa Kijerumani kote.

Na zile skrubu! Umepiga picha ya karibu, ahsante, kuna mbili zina kichwa cha nyota. Skrubu za nyota zimeanza kutumika miaka ya 1930, huyo Mjerumani wa 1879 alizipata wapi? Ya zamani ina mfereji mmoja, mwembamba, na kama mafundi wa vichochoroni hawajaipitia huo mfereji bado una kingo zake. Tena kutu yake imekaa sawasawa kote, mpaka ndani ya mifereji ya skrubu, mpaka chini ya nyundo, rangi moja ya chungwa. Kutu ya umri haiji hivo, inachagua, pale mkono ulipokuwa unashika inakuwa nyeusi na laini, pale jasho na chumvi vilipokaa inachimba. Hii ya jamaa yako imelowekwa kwenye maji ya chumvi na siki wiki moja ikaanikwa. Haigomi kwa ajili ya mafuta, inagoma kwa sababu haijawahi kuzunguka tokea izaliwe.

SWALI: Mume wangu kaichukua bastola ya babake, ina kibali, ipo kwenye kabati ya kioo, kaisugua kwa msasa na limau mpaka inang'ara kama sufuria jipya. Mie roho inaniuma lakini yeye anafurahi. Nani mwenye haki? — Bi Mkubwa, Mbweni

Wewe mama. Alichokisugua ni ile ngozi ya chuma iliyochukua zaidi ya miaka mia kujijenga, na namba na mihuri ikipitiwa na msasa haisomeki tena, hapo hata ukija na ELG au na taji hujui. Kwa mwenye kukusanya vitu vya kale thamani imeshuka palepale. Na limau ni asidi, kama hakuiosha ikakauka vizuri kutu itarudi kabla ya masika. Mwambie apitishe kitambaa chenye mafuta mepesi na aifungie msasa mbali. Na kabati ya kioo bila tundu la hewa kwa joto letu hili na upepo wa bahari uliopo Mbweni ni kama kuipika kwa mvuke, watoboe tundu mbili nyuma.

SWALI: Sisi kikundi cha maigizo Chake Chake. Mwenzetu mmoja ana bastola ya zamani ya familia, ana kibali chake, tunataka kuitumia jukwaani, haina risasi. Tatizo ukiivuta nyundo nyuma haikai, ukiigusa tu inaruka mbele wenyewe. Itengenezwe vipi ikae? — Katibu wa kikundi

Haitengenezwi, inarudishwa kabatini leo. Nyundo inapovutwa nyuma inashikwa na ncha ya triga iliyoingia kwenye pengo dogo chini ya nyundo. Pengo hilo ni dogo kuliko ukucha wa mtoto, na nguvu yote ya ile springi inakaa juu yake. Likilika, au fundi mmoja aliwahi kulipitishia tupa ili triga iwe nyepesi (na hii ndo naiona zaidi kuliko kulika kwa kawaida, kila mtu anataka triga nyepesi), basi nyundo inakaa kwa kubahatisha. Mafundi huko ulaya wanaipima kwa kuivuta mpaka mwisho alafu wanaisukuma mbele kwa dole gumba bila kugusa triga, ikiruka imeshafeli na haina rufaa. Yenu hata dole gumba haihitaji, inaruka kwa kuguswa.

Na kibali cha mwenzenu ni cha yeye kuimiliki, sio cha nyinyi kuielekeza kwa watu ukumbini. Nendeni kwa seremala yoyote Chake awachongee ya mti wa mninga, ipakwe rangi nyeusi, mshikaji aibebe kama nzito. Mlio mtu apige ubao nyuma ya pazia. Watazamaji wa nyuma hawatojua na wa mbele watafurahi zaidi.

SWALI: Fundi bastola tumechoka, mie nna saa ya ukutani ya babu, ya pendulamu, nikiitia ufunguo inakwenda dakika chache inasimama. Mafundi wawili wameshaifungua wanasema nzima. Ilikuwa inakwenda mpaka tulipopaka chokaa ukumbi. — Mkaazi wa Malindi

Alhamdulillahi, mtu mmoja hana bastola.

Nzima kweli, wasikufungulie tena. Mlipopaka chokaa mliishusha na mliporudisha mliiweka sawa kwa macho, na kuta zetu za mawe na chokaa hazijanyooka hata moja. Isikilize: mlio wake sasa hivi utakuwa tik-tak, kimya, tik-tak, kimya, yani inachechemea. Shika sanduku lake kwa chini, lisogeze kushoto kidogo kidogo, nusu ya upana wa kidole, unasikiliza, ikizidi kuchechemea lirudishe upande wa kulia. Ukifika mahali tik na tak zina nafasi sawa, iache hapohapo hata kama kwa macho imekaa upande, weka alama ya penseli ukutani, na siku mkipaka tena chokaa msiifute.

KWA UFUPI: Ndugu wa Mkoani aliyeuliza kama WD-40 inafaa: kwa kulegeza skrubu iliyoganda sawa, kwa kutunza hapana, ifutwe yote alafu yatiwe mafuta ya cherehani. Aliyetutumia picha ya gobori la baruti akisema "lina sauti ndani ukilitikisa": usilitikise tena, usilisafishe, waite polisi, mana magobori mengi yaliachwa yameshindiliwa na baruti iliyokaa kavu haisahau kazi yake. Na bwana wa Fuoni mwenye swali la wapi atapata risasi, barua yako iko pembeni.